Soko la Miezi Sita Kwenye Karakana ya Mabasi

Kazini walimwita Mama Ramani, na jina lilimganda hata mume wake akalitumia akitaka kumtania. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa mchoraji wa ramani katika ofisi ya manispaa. Alichora shule, zahanati, vyoo vya stendi, na bustani moja yenye chemchemi ambayo haijajengwa mpaka leo. Kazi zake nyingi zilikuwa zimeviringishwa juu ya kabati, zinakula vumbi. Alibakiza mwaka mmoja astaafu. Magoti yalikuwa yanavimba kila siku, na alichokitaka ni kuumaliza huo mwaka bila maneno na mtu.

Ndipo mkuu wa idara, kijana wa rika la mwanawe wa pili, alipomwita na kumweleza kwamba ile karakana ya zamani ya mabasi, iliyokaa imefungwa miaka kumi na minne, itageuzwa soko la chakula na utamaduni. Soko la muda, miezi sita tu. Kutakuwa na wapishi, wasusi wa mikeka, wapiga ngoma na wasimulizi. Sakafu isichimbwe wala isipigwe msumari, kwa kuwa jengo lina mipango mingine baadaye. Mipango gani, hakusema. Ramani ilitakiwa baada ya wiki tatu. Mama Ramani aliitikia shingo upande.

Gari la ofisi lilipatikana asubuhi tu. Asubuhi nne mfululizo alishushwa langoni pa karakana na futi ya kuvuta na daftari lake. Njiwa walikuwa wametaga juu ya vyuma vya paa. Sakafu ilikuwa nyeusi kwa oili iliyoganda, na yale mashimo matatu marefu, ambamo mafundi walisimama zamani chini ya mabasi, yalijaa chupa na maji ya mvua. Ukuta wa nyuma ulikuwa umebomoka nusu. Alipima, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa mpaka magoti yatulie, akapima tena.

Mama huyu alikuwa na kaka aliyemzidi miaka sita. Alikuwa mpishi wa hospitali mpaka jiko la hospitali lilipofungwa na chakula kikaanza kuletwa kutoka nje kimeshapikwa. Tangu hapo alipika kwenye misiba na harusi, leo anapata, kesho anakosa. Jina lake lilikuwamo kwenye orodha ya wapishi kumi na wanane wa soko, na lilipita bila mkono wa mdogo wake. Lakini Mama Ramani aliijua midomo ya watu. Kabla hajapanga kitu kingine, alimweka kaka yake kwenye kona ya mwisho, karibu na mfereji, mahali ambapo hakuna mtu angepita ila aliyepotea. Majiko mengine aliyapanga safu moja kwenye ukuta uliobomoka, ili moshi utokee nje kwa nyuma. Jukwaa akaliweka katikati, juu ya mashimo, kwa mbao nene.

Kaka aliiona ramani imebandikwa ofisini, akaja nyumbani kwa mdogo wake siku hiyo hiyo. Hakuitaja kona yake.

“Mdogo wangu, umeshawahi kusimama pale alasiri?”

Akasema hakuwahi.

“Upepo wa pale unageuka. Nilikuwa napita kila siku nikitoka zamu. Alasiri unaingilia kwa nyuma, unatokea langoni. Njoo kesho saa kumi, usimame mwenyewe.”

Mama Ramani alikuwa amenyoosha miguu juu ya kigoda. Alifikiria kupanda gari mbili kwenda na mbili kurudi. Akafikiria pia kwamba kaka anazunguka mbuyu, kwamba shida yake hasa ni kona.

“Kaka, kama unataka nafasi ya langoni, sema tu. Sikupi.”

Kaka alimaliza chai yake, akaenda kuosha kikombe mwenyewe, akaaga.

Siku ya ufunguzi, asubuhi, mambo yalikwenda vizuri. Turubai zilikuwa safi, hotuba zilikuwa fupi, na moshi ulitokea kwa nyuma kama ulivyochorwa. Mkuu wa idara aliwatembeza wageni kifua mbele. Ilipofika saa tisa na nusu, upepo ukageuka. Moshi wa majiko kumi na saba ulirudi ndani wote kwa pamoja, ukakaa juu ya jukwaa. Msimulizi, bibi wa miaka zaidi ya sabini, alikuwa katikati ya kisa chake. Alikohoa, akaomba maji, akajaribu tena, kisha akashushwa ameshikwa mkono. Wasusi walikunja mikeka yao isije ikanuka. Saa kumi na moja viti vilikuwa vitupu.

Mkuu wa idara alimuuliza Mama Ramani mbele ya watu kama amewahi kuchora kitu ambacho binadamu wanaingia ndani yake. Aliviringisha ramani yake, akaondoka. Nyumbani alitia miguu kwenye beseni la maji ya moto, na mume wake alipomletea chakula alikitazama tu.

Kesho yake alichora upya, mkono mzito. Mabadiliko yalihitaji saini tatu, na saini tatu zilikula siku mbili. Aliporudi karakana na karatasi yake, alikuta kazi imeshafanyika. Wapishi walikuwa wamehamishia majiko upande wa lango, moshi wa alasiri, saa za wateja wengi, unatoka moja kwa moja. Vifusi vya nyuma vilikuwa vimesogezwa, na wateja waliingilia pale palipobomoka. Aliyeongoza uhamishaji huo alikuwa kaka yake, jasho likimchuruzika. Jiko moja tu halikuguswa, lile la karibu na mfereji.

Alimuuliza mbona yeye hajahama.

“Nikihama, watasema umenihamisha wewe.”

Mama Ramani aliketi ukingoni mwa jukwaa, karatasi mapajani.

“Kaka, nilikosea.”

“Ulichoka, mdogo wangu.”

“Nilichoka, ndiyo. Lakini pia nilikudhania vibaya.”

Kaka alifuta mikono kwenye aproni. Alimwambia apumzike kwanza, kisha awapimie njia, kwa sababu wabeba sahani walikuwa wanagongana.

Aliwapimia. Ile ramani yenye saini tatu aliigeuza, na upande wa nyuma akachora soko kama wenyewe walivyolipanga, akaongeza upana wa njia na ndoo za mchanga za kuzimia moto. Jiko la kaka yake akaliweka katika safu ya langoni pamoja na wenzake. Wacha waseme, alijiambia. Na kweli walisema. Barua isiyo na jina ilifika ofisini, akaitwa kujieleza mara mbili, akajieleza mara mbili, kwa sauti ile ile.

Soko lilijaa. Yule bibi alirudi na kukimalizia kisa chake, na watu walisimama mpaka nje kwenye vifusi. Gazeti lilipokuja, mkuu wa idara alieleza jinsi alivyouona ule upepo mapema. Mama Ramani aliisoma habari hiyo akisubiri zamu yake kliniki, akaikunja, akampa mwenzake wa benchi aliyetaka kujipepea.

Miezi sita ilipokwisha, wafanyabiashara waliomba kuongezewa muda. Jibu lilikuwa mstari mmoja: hapana. Walibomoa wenyewe kwa siku mbili, mabomba huku, turubai kule. Mama Ramani alikagua sakafu, akaandika kwamba haina tundu hata moja, akakabidhi ufunguo. Karakana ikafungwa. Imefungwa mpaka sasa, na ile mipango mingine hajaisikia mtu.

Kaka yake na wapishi wawili walipata kibanda nyuma ya stendi. Si mahali pa maana, lakini wanauza. Mama Ramani alistaafu mwaka wake ulipotimia. Asubuhi ya kwanza ya kustaafu simu iliita, mtu wa ofisini akiulizia ramani fulani iko kabati gani. Alimwambia zote ziko juu ya kabati, apande atafute, kisha akageukia ukutani akalala tena.