Mtangazaji wa rock alinisubiri Kings Heath, nikamdanganya usoni

Wakuu, habari zenu. Jambo hili limenikaa kifuani muda mrefu. Naliandika lilivyokuwa, bila kuongeza chumvi.

Miaka ya 2000 niliishi Sparkbrook, mtaa wa wahamiaji huko Birmingham, Uingereza, nikifanya kazi kiwanda cha mikate.

Kiingereza changu sikukipata darasani. Nilikipata kwa mzee mmoja mtangazaji wa redio, aliyepiga classic rock kila Jumamosi mchana. Kabla ya kila wimbo alieleza ulirekodiwa wapi, na nani alipiga gitaa. Niliandika kwenye daftari, kisha naenda library kuhakiki.

Kwa nini rock ya zamani? Nyimbo ni zilezile kila wiki. Anayejifunza lugha anahitaji marudio. Baadaye nikazipenda kweli.

Kombo, Mpemba niliyekaa naye chumba kimoja, alinitania: "Ustadhi wa magitaa, leo darsa gani?"

Siku moja mzee alikosea jina la mpiga ngoma. Nikaandika text ya kumsahihisha. Kufika kwenye jina, nikasita. Hamisi wa Sparkbrook amfundishe Mzungu rock?

Nikaandika: Martin, Moseley. Huko ndiko kwenye nyumba kubwa kubwa.

Akaisoma hewani na kushukuru. Ikawa kila Jumamosi natuma text, naye anasema: "Tusikie Martin anasemaje." Miaka minne.

Alipokaribia kustaafu, aliwaalika wasikilizaji kwenye pub moja Kings Heath. "Martin, nimekuwekea kiti."

Nilikwenda nimeamua kusema ukweli. Kiti kando yake kilikuwa kitupu. Kila mlango ukifunguka, anageuka.

Akanipa mkono. "Unaitwa nani, rafiki yangu?"

"Hamisi. Natoka Sparkbrook."

"Ah, jirani na Moseley. Unamfahamu Martin?"

Watu wakanigeukia.

"Namfahamu," nikasema. "Anaumwa. Amenituma nimsalimie kwako."

Akanipa santuri iliyofungwa vizuri. "Mpelekee. Mwambie kwa ajili yake nilikuwa najiandaa kabla ya kuingia studio."

Jumamosi iliyofuata, kipindi chake cha mwisho, alimtakia Martin afya njema na kumpigia wimbo wa kufungia.

"Maskini," Kombo akasema. "Ndiye nani huyo Martin?"

"Simjui."

Santuri ninayo. Sijaifungua.

Nilichojifunza: mzee hakuwahi kuuliza Martin ni mtu wa wapi. Swali lilikuwa langu, na jibu nikajipa mwenyewe.

Humu wengi tunatumia majina ya bandia, na sina ugomvi na hilo. Ila ID yangu mnaiona, ni Hamisi.

Aliyewahi kujificha hivi naye aseme. Wa kunilaumu pia karibuni.