Fulana za Babu Asiye Wetu

Mwaka ule siuhesabu kwa tarakimu, nauhesabu kwa muhogo ambao haukunuka. Muhogo wetu wa Lobule ni mchungu. Lazima ulale majini mpaka ulainike na unuke kama soksi za askari, ndipo uanikwe juu ya mwamba na kusagwa. Mwaka ule tuliutoa majini kabla ya wakati, tukaula njiani, matumbo yakatukata. Ndio mwaka rais alipokimbia, nasi, kwa kuogopa kisasi, tukakimbia nyuma yake kana kwamba alituaga.

Alikuwa askari wa upande wetu huu wa Koboko. Alivaa buti akiwa kijana asiye na kitu, akapanda vyeo, mwisho akapindua serikali na kukalia kiti mwenyewe, redio ikatuambia hayo ni mapinduzi ya wanyonge. Baba yangu alikuwa mnyonge, akaamini, akapanda lori la jeshi na blanketi moja. Blanketi halikurudi, wala yeye. Watu wote walimwita rais baba. Rais hakujua hata jina la baba yangu.

Ng'ambo ya mpaka, upande wa Kongo, kulikuwa na mfanyabiashara aliyetajirika kwa kahawa enzi za rais yule. Alipika maharage kwenye pipa uani kwake, akasema analisha watoto wa rais. Ukitaka bakuli, mtoto wako asimame mbele za watu aseme yeye ni mtoto wa rais. Wengi walisema, na siwalaumu. Harufu ya maharage yale ilinitoa machozi. Nikafungua mdomo, mama akaufunika kwa kiganja. Yule bwana akacheka.

“Mama, maneno haina uzito. Mutoto aseme tu, akule.”

Mama alimkana rais bila kuinua sauti. “Ule hapana baba ya watoto yangu.”

Tukaondoka na njaa yetu, nami nikamchukia mama njia nzima. Kesho yake alianza kulimia watu, wakamlipa mihogo, akailoweka mpaka ikanuka inavyotakiwa.

Leo Arua, mji wetu mkubwa, ina lami na taa, na wajukuu wangu wanabagua chakula. Juzi kijana anayetembeza wageni alikuja hapa kwa bodaboda na furushi la fulana zenye uso wa rais yule. Wageni wanataka kupiga picha ukoo wake. Basi wajukuu wangu wavae, wajipange, waseme yule ni babu yao, kisha watapewa kuku na soda.

“Mama muzee, hii iko historia tu,” akaniambia.

Historia! Ya baba yangu hakuna aliyewahi kuja kuiuliza. Hakuna fulana yenye uso wake, na mimi mwenyewe uso ule umeniponyoka. Njaa imepungua, lakini biashara ni ile ile: mtoto auze baba yake apate kula. Binti yangu akaninong'oneza kwamba watoto wanaitamani ile soda. Najua. Mimi niliyatamani maharage. Mjukuu wangu wa mwisho alikuwa ameshaingiza kichwa, fulana inamfika magotini. Nikamvua, nikaikunja vizuri kwa sababu nguo haina kosa, nikamrudishia kijana mikononi, nikamwambia kama mama alivyosema:

“Ule hapana baba ya watoto yangu.”