Ukuta Uliosimama Kwenye Skrini

Siku yangu ya kwanza katika idara ya upimaji ya mgodi mmoja nje ya Kolwezi, Chef de service, mkuu wa idara, alinikabidhi flashi na kusema, "Tata, huku intaneti haiko. Bitu byote utaleta mu mufuko."

Kazi yangu ilikuwa kuweka moduli, yaani vipande vya programu vilivyoandikwa na wengine, ambavyo programu zetu za Python huvikopa. Nilijifunza peke yangu, nyumbani, mtaa wa Kapata.

Ofisini tulitumia Windows. Moduli ilikuja imeshaandaliwa, amri moja ikatosha. Ukingoni mwa shimo la mgodi kulikuwa na kompyuta ya Linux. Hapo niliijenga moduli mwenyewe, na kila kilichokosekana kilinirudisha mjini na flashi. Nikikosea, skrini ilijaa malalamiko. Siku moduli ya kusoma vipimo vya nyufa ilipoingia kimya, nilifurahi.

Vipimo hivyo, upana wa nyufa kwa sentimita, vilionyesha kama ukuta wa shimo unasogea. Chini yake walifanya kazi mafundi wa pampu za kutoa maji, msimamizi wao akiwa Kabwe.

Asubuhi moja ya mvua, nikiwa kwenye kompyuta ya ukingoni, Chef alinipigia simu kutoka ofisini.

"Ukuta iko inatembea! Batu ya pompe beko wapi?"

"Beko chini, Chef. Ku skrini yangu haitembee. Tatu, tatu, tatu."

"Ku yangu inakaribia ine! Na dosiye ni moja ile ile!"

Faili moja, moduli moja, majibu mawili: kwangu tatu, kwake karibu nne.

"Toa batu! Mashini tutaiuliza nyuma," Chef akaamuru: watu kwanza, mashine baadaye.

Nikapiga king'ora. Kabwe alipanda wa mwisho, akinitania: "Docteur ya mashini, unatufukuza juu ya nini? Bukari yetu imebakia kule chini!"

Hakumaliza kucheka. Ukuta ulishuka wote kwa pamoja, ukafunika pampu, sufuria na ugali wao, ile bukari. Kabwe aliketi kwenye matope.

Sababu ya majibu mawili tuliipata baadaye. Kifaa cha kupimia kiliandika namba kwa desturi yetu ya Kifaransa, kwa koma badala ya nukta. Windows ya ofisini ilikuwa ya Kifaransa, ikaelewa. Linux haikuwa imewekewa lugha yoyote, na moduli hufuata lugha ya mfumo. Ikaishia kwenye koma. 3,1 ikasomwa 3. Na 3,9 pia ikasomwa 3. Hakuna kosa lililotangazwa.

Nilihamishiwa maabara ya kiwanda, chini ya Ingénieur, mhandisi aliyechoshwa na majaribio yangu. "Tena ile koma yako?" alikuwa akiuliza. Ndiyo, tena, kwenye kila mfumo, mpaka macho yaliponistaafisha mapema.

Vijana wanaonitembelea hushangilia moduli ikiingia bila neno. Mimi ukimya huo ndio unaonishtua. Nawaambia waipe kwanza 3,9, waone itajibu nini.

Jumapili, tukitoka kanisani, Kabwe bado huniuliza bukari yake iko wapi. Wenzake hucheka. Mimi bado siwezi.