Mwasumini Katika Eda

Kila jioni, kabla ya adhana ya Magharibi, Mzee Awadh alikuwa akishuka uani na kisahani kuchuma asumini. Hakuchuma nyingi. Zilizobaki alimwachia Dama, mama wa Kigiriama aliyekuja kutoka Majengo kuzichukua, akatunge vikuba, vishada vya maua ya kuvaa, vya kuuza karibu na Marikiti. Zake mwenyewe alizigawa mafungu mawili. Moja aliliweka juu ya mto wa mkewe, Bi Amatullah, na la pili juu ya mto wa dadake yeye mwenyewe, Bi Mona, aliyeishi nao ghorofani tangu afiwe na mumewe akiwa bado msichana.

Mimi ni jirani yao. Dirisha langu la jikoni linatazama ua wao, nyuma ya Ndia Kuu, na kwa miaka mingi harufu ile ndiyo iliyokuwa saa yangu. Ikipanda, nilifunga madaftari ya wanafunzi na kuteleka chai.

Mzee Awadh alifariki wakati wa kaskazi, maembe yakiwa yamejaa sokoni. Bi Amatullah akaingia eda. Kwetu mjane hukaa nyumbani miezi minne na siku kumi. Hatoki ila kwa dharura, havai nguo ya nakshi, hatii hina wala wanja, na hajitii manukato ya aina yoyote. Wengine hupitisha muda huo kama mtu aliyelala. Kwake yeye ulikuwa mzito kwa namna nyingine, kwa sababu Bi Amatullah alikuwa mtu wa misimu. Embe mbichi zilipotoka, alizikata na kuzianika juu ya sakafu ya dari kwa ajili ya achari, akikaa na upepeo kufukuza kunguru. Mashelisheli yalipokomaa, aliyachoma kwa makaa na kutuita majirani tule yakiwa moto. Kila Alhamisi alisugua kijiti cha liwa, ule mti wa msandali unaonukia, juu ya jiwe, kwa maji ya waridi, akajipaka usoni na shingoni, kisha akakaa kibarazani na uso wa manjano bila ya kumuonea mtu haya. Watoto walimcheka, naye aliwaita awapake puani. Sikumjua mtu mwingine aliyeweza kufurahia kidogo alichonacho kama yeye, na mara nyingi, nikirudi kazini nimechoka na watu, nilisimama dirishani kumtazama tu.

Sasa jiwe la liwa lilifunikwa kitambaa. Achari mwaka ule haikutiwa. Kilichobaki ni jioni. Asumini zilipofunguka, Bi Amatullah alishuka, akaketi kwenye kigoda karibu na kisima cha zamani, mikono mapajani, mpaka muadhini aadhini. Dama alichuma. Yeye hakugusa hata ua moja.

Eda haijafika nusu, asubuhi moja baada ya swala ya Alfajiri, nilisikia mlio wa panga uani kwao. Nilipofungua dirisha nilimwona Bi Mona, kanga imefungwa kiunoni, akiukata mwasumini karibu na mzizi. Matawi yalikuwa yamelala chini, yamejaa vichomozo vyeupe ambavyo vingefunguka jioni ile.

Bi Amatullah alishuka kutawadha akaona. Aliyakusanya matawi yote, akayafunga kwa kamba, akayaegemeza ukutani, kisha akapanda tena ghorofani.

Jioni Dama alikuja na kikapu chake kama kawaida.

"Hodi. Bi Mona, mti umekwenda wapi?"

"Umekatwa."

"Na nani?"

"Na mimi. Mwenye nyumba yu katika eda. Haifai kunusa manukato."

Dama alikitazama kile kisiki. "Na yule mpika biriani wa hapo chochoroni, naye mtamkata lini? Maana naye anukia."

"Dama, nenda zako."

"Nakwenda. Nauliza tu nijue njia salama ya kupita."

Nilikwenda kumwona Bi Amatullah usiku uleule. Alikuwa amekaa kitandani, ameshika simu.

"Nimezungumza na Ayman," aliniambia. Ayman ni mwanawe wa pekee, ana nyumba ya kupanga Tudor. "Eda yangu ikiisha nahamia kwake."

"Kwa sababu ya mti, Bi?"

"Mti ni mti. Hakuniuliza." Akaiweka simu kitandani. "Sikuichuma asumini, sikuivaa, sikuitia nyweleni. Nalikuwa nakaa tu. Upepo ukileta harufu, hiyo nayo ni dhambi yangu?"

Nilimwambia sidhani. Alitikisa kichwa kama mtu aliyejibiwa swali ambalo hakutaka lijibiwe.

Nilijua maana ya kuhama kwake. Bi Mona macho yake hayaoni vizuri tena. Ngazi za nyumba ile ni za kusimama, taa zake hafifu, na hakuna mtoto aliyemzaa. Wamepika chungu kimoja tangu Bi Amatullah alipoletwa pale akiwa bibi harusi. Mmoja akiondoka, mwingine hataweza kuishika nyumba, na nyumba zetu hizi zikishafungwa milango huwa hazifunguliwi tena na wenyewe. Hufunguliwa na mtu wa kuwauzia watalii vinyago.

Kutoka siku ile palikuwa na majiko mawili uani. Bi Amatullah alinunua jiko dogo la makaa, akalitia pembe ya mashariki. Bi Mona alibaki na lake pembe ya jikoni. Ramadhani ikaingia hali iko vile. Mtaani kwetu sahani za futari hutembea nyumba kwa nyumba kabla ya Magharibi, na sahani hairudi tupu. Bi Amatullah aliniletea mbaazi za nazi na mahamri, yamefunikwa kawa. Bi Mona aliniletea kaimati na muhogo. Nyumba zote za uchochoro zilipata sahani mbili kutoka mlango mmoja, na kila mtu akajua. Lakini sahani ya Bi Amatullah haikuvuka ua kwenda kwa wifi yake, wala ya wifi yake haikuvuka kuja kwake. Adhana ikilia, kila mmoja alitafuna tende yake amempa mwenzake mgongo.

Katikati ya mwezi Bi Mona alinunua mche wa asumini, umepandwa ndani ya kopo la mafuta ya kupikia, akauweka mlangoni kwa Bi Amatullah. Ulikaa pale siku kadhaa. Kisha Dama alipopita kusalimia, Bi Amatullah alimwita.

"Dama, uchukue huu uupeleke kwako Majengo."

"Mimi? Kwangu hata pa kuanika nguo hapana. Nitaupanda juu ya kichwa cha mume wangu?"

"Upande popote."

"Bi Amatullah, mtu ameleta."

"Nimeona aliyeleta."

Dama aliuchukua, akautia kikapuni. Aliponipita mlangoni kwangu alisema kwa sauti ya chini, "Hawa wawili, mmoja akiumwa na jino mwingine humeza dawa. Sasa waone."

Idi ilikuja. Nyumba zote zilifukizwa udi tangu alfajiri, moshi ukatoka madirishani mpaka uchochoro ukawa mweupe. Kwa Bi Amatullah hakukufukizwa kitu. Alivaa kanzu ileile ya rangi ya majivu, akapokea mikono ya watoto na kuwapa peremende. Kile kisiki hakikuchipua. Matone ya kwanza ya masika yalipoanguka, nilikiona kimegeuka cheusi, na gamba lake likaanza kumeguka.

Siku ya kutoka eda ilifika. Mjane huogeshwa na mwanamke mtu mzima, akapakwa liwa, akavishwa nguo mpya na kufukizwa udi. Bi Amatullah alimwita Mejumaa, bibi wa nyumba ya tatu, ambaye amewaogesha wajane wengi wa mtaa wetu. Nilikuwepo, nimeshika kanga mpya. Chini mlangoni, sanduku kubwa la Bi Amatullah na mabunda mawili yalikwisha kutelemshwa, yakimsubiri Ayman.

Mejumaa alikaa kwenye kigoda akatazama sanduku, kisha akamtazama Bi Mona aliyesimama karibu na mlango wa jikoni.

"Kata yako ya maji iko wapi?" Bi Amatullah alimuuliza Mejumaa.

"Mimi sishiki kata leo."

"Kwani waumwa?"

"Siumwi. Una wifi ndani ya nyumba, mzima, mjane kama wewe. Nikishika kata mbele yake, si nitakuwa nimetangaza ugomvi wenu mpaka Kibokoni?"

"Basi nitaoga mwenyewe."

"Oga. Ukimaliza ujifukize mwenyewe, na vigelegele ujipigie mwenyewe. Mimi nitakaa hapa nisikilize."

Bi Mona alitoka pale alipokuwa, akachukua kata ya kifuu iliyotundikwa ukutani, akaingia chooni, akaanza kuchanganya maji ya moto na ya baridi kwenye pipa. Bi Amatullah alisimama kwa muda. Alipokuwa bibi harusi mgeni katika nyumba hii, yeye ndiye aliyemmwagia maji Bi Mona alipotoka katika eda yake. Nadhani alilikumbuka hilo, au pengine alichoka tu. Aliingia. Mimi nilibaki nje ya mlango na kanga, kwa sababu hiyo ndiyo kazi niliyopewa, na mlango wa bati hauzuii maneno.

"Yana moto sana?"

"Yatosha."

Maji yakamiminika. Yakamiminika tena. Nilisikia liwa ikisuguliwa juu ya jiwe, na ile harufu kavu ya msandali ikatoka chini ya mlango.

"Haikuwa sheria," Bi Mona alisema.

"Nini?"

"Mti. Nalisema ni sheria. Sikumuuliza mtu sheria."

Nilimsikia Bi Mona akichota tena.

"Jioni ile harufu ikipanda, miye namsikia kakangu kwenye ngazi. Viatu vyake vile, kimoja chaburura. Nasogea nimpishe kwenye mto. Ndipo nakumbuka. Kila siku, Amatullah. Kila Magharibi yuafa upya. Nikasema nisipoukata nitapata wazimu."

Maji yalisimama. Nilitazama ukuta.

"Na miye ndilo nililokuwa nikilikalia pale uani," Bi Amatullah alisema.

"Kumngoja?"

"Kumsikia. Wewe ukimsikia waumia. Miye nikimsikia nalala."

Maji yakamiminika tena.

"Ungeniambia," Bi Amatullah akasema tena. "Ningemwambia Dama achume vichomozo vya upande wako mapema, nawe ukafunga dirisha."

"Dirisha lile halifungi."

"Ayman angelitengeneza."

"Ayman? Ayman hata kopo la maziwa hafungui bila ya kujikata."

Bi Amatullah alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha puani, na hapo hapo kikageuka kilio, nacho kilio kile hakikuwa cha mtu mmoja. Mejumaa, kule kwenye kigoda chake, alianza kuhesabu tasbihi yake kwa sauti ili mimi nisikilize hiyo.

Baadaye sauti ya Bi Amatullah ikarudi, imetulia.

"Sijakusamehe."

"Najua."

"Nipake mgongoni. Chini zaidi. Hapo."

Alipotoka nilimfunika kanga mpya. Bi Mona alitia udi kwenye chetezo, akakiweka chini na kumfunika mwenzake shuka, moshi umpande nguoni na nyweleni. Bi Amatullah alifumba macho. Niliona kifua chake kikipanda taratibu, kama mtu anayeingia maji ya bahari ya baridi, kwanza kwa woga. Sikuona furaha usoni mwake. Niliona mtu aliyerudi mahali na kukuta mwenyeji wake hayupo.

Ayman alifika na tuktuk adhuhuri imekwisha kupita. Ni mtu mnene, mpole, mwenye haraka.

"Mama, twende kabla mvua haijarudi. Areej amekwisha kukutandikia." Areej ni mkewe.

"Nitakuja Ijumaa, nilale siku mbili. Mwambie Areej asinipikie wali, hajui kuumwaga maji."

"Ijumaa? Na leo?"

"Leo shangazi yako amepika."

Ayman alimtazama mamake, akamtazama Bi Mona, kisha akanitazama mimi. Mimi nilikuwa nakunja shuka.

"Na hili sanduku?"

"Si ulilitelemsha wewe?"

"Jana. Na mgongo bado wauma."

"Basi wajua uzito wake. Lipandishe."

Alilipandisha, akigonga kila pembe ya ngazi, huku Bi Mona akimfokea kutoka chini kwamba ukuta una chokaa mpya. Dereva wa tuktuk alipiga honi mara mbili, akaondoka bila abiria. Mvua ilianza, ikanyesha uani juu ya kile kisiki cheusi na juu ya majiko yote mawili. Bi Mona alitoka na gunia kichwani, akaliingiza lake ndani. Lile dogo alilipita. Akasimama. Kisha akarudi akalibeba pia.

Tulikula chini, juu ya mkeka, sinia moja: wali, mchuzi wa samaki, na kachumbari. Bi Amatullah alikula kidogo, kwa vidole vitatu, bila ya kumtazama mtu.

"Chumvi haikukolea," alisema.

Bi Mona aliinuka, akishikilia ukuta, akaenda kuleta chumvi.