Kulabu Niliyoipaka Rangi

Jamani, kosa ni langu. Nalisema leo nikiwa mzee, maana nimechoka kulibeba.

Bendera yetu ilipokuwa ingali mpya, nilikuwa fundi chuma katika karakana ya shamba moja la miwa, upande wa Msambweni. Msimamizi Mzungu alirudi kwao, funguo nikakabidhiwa mimi. Kichwa kilinivimba! Nilitaka watu waone kwamba na sisi tunaweza, kazi haisimami.

Tulikuwa na winchi ya kupakia miwa. Kulabu yake, ile ya kuning'iniza mzigo, ilikuwa imeachama mdomo. Mara mbili nilikuwa nimeikunja ikarudi, na mara ya tatu nilijua kabisa kwamba ni ya kutupa. Lakini nyingine ilikuwa mpaka itoke Mombasa, siku mbili tatu, na miwa iliyokatwa haingoji. Nikaigonga tena, baridi vilevile bila kuitia motoni, hata ikakubali.

Fundi akimaliza hukigonga chuma kwa nyundo ndogo, akasikiliza. Kilicho kizima hulia, sauti ikaenda mbali. Kile kilisema ko, basi. Nilisikia vizuri sana! Nikachukua brashi, nikaipaka kulabu rangi nyekundu, ikapendeza.

Bakari alikuwa amesimama pale. Ndiye mume wa dada yangu, na ndiye aliyekuwa akifunga mizigo.

"Shemeji, mbona haikulia?"

"Wewe funga miwa yako. Chuma niachie mwenyewe."

Siku ya tatu asubuhi kulabu ikakatika. Miwa ikamwangukia Bakari, na mguu ukaja ukakatwa chini ya goti.

Wakubwa walipouliza nilisema, "Alizidisha mzigo." Maneno mawili tu, Mungu wangu! Yeye alikuwa hospitali, hakuwepo kujibu. Kazi akaachishwa, na watu wakampa jina la Zidisha. Mpaka leo wajukuu zake huitwa wa Zidisha.

Mmoja wao, msichana, anasomea mambo ya metali. Siku moja alikuja kunijulia hali, akanieleza habari za titani, hii inayotoka kwenye mchanga wetu wa Kwale.

"Babu, ile ni ngumu, lakini ndani ina sehemu laini na sehemu kavu. Ukiivuta, laini inakubali, kavu inakataa. Pale zinapopakana panafunguka vitundu vidogo, jicho halivioni. Ukizidi kuvuta vinapanuka, vinashikana, ndipo inakatika. Kwa nje unaiona nzima."

"Na chuma?"

"Chuma ni hivyo hivyo, Babu."

Mtoto wa watu alikuwa ananieleza mguu wa babu yake, naye hajui! Chai ilinishinda.

Kesho yake nilikwenda Bongwe kwa Bakari, baada ya sala ya alasiri. Nilimkuta anamenya muhogo, mkongojo kando yake. Nikamwambia yote, kuanzia ile sauti ya nyundo. Hakuacha kumenya.

"Najua, shemeji. Si nilikuuliza siku ile?"

"Basi mbona hukunena miaka yote hii?"

"Mke wangu ana kaka mmoja tu. Nilikungoja useme wewe." Akatia kipande ndani ya sufuria. "Ila umechelewa. Waliokuwa wakiniita Zidisha kwa kunicheka wamekufa wote. Hawa wa sasa wanadhani ndilo jina langu."

Nililia kama mtoto. Yeye akaniambia nikae, muhogo utaiva sasa hivi.

Enyi mafundi, nyundo ikikwambia kitu, kisikie na ukiseme siku hiyo hiyo. Rangi haizibi tundu la ndani. Wala usimtupie mwenzio kosa lako kwa kuwa hayupo kujibu, maana utazeeka ukimsikia akiitwa kwalo!

Na nyinyi wa Bongwe, yule mzee wa mkongojo mnayempita kila siku anaitwa Bakari. Mzigo ule aliufunga sawasawa. Haukuzidi.