Mwanaheri Alivyompaka Mumewe Uso wa Ugonjwa

Mtaani kwao Morogoro, bibi harusi hakutolewa nje kabla Mwanaheri hajamshika uso. Angemketisha karibu na mlango, penye mwanga, amgeuze kushoto na kulia. Kisha angempaka liwa, ule unga mweupe wa mti wa kunukia, juu ya pua ili ionekane imenyooka, na masizi kidogo mno chini ya mashavu ili uso mpana upungue. Watu wakimtazama bibi harusi walisifu uzuri wake, hakuna aliyesifu rangi. Mwanaheri alitaka iwe hivyo.

Mwaka wa 1916, vita vya Wadachi na Waingereza vilipousogelea mji, harusi zilikoma. Wanaume walikuwa wakikamatwa kubeba mizigo ya jeshi la Wadachi kuelekea kusini, Kisaki. Stambuli, mumewe, fundi seremala, alikwisha kupelekwa mara moja. Walikwenda tisa kutoka mtaa wao, wakarudi wawili.

Asubuhi moja jirani yao Mwajuma aliingia bila hodi.

"Mwanaheri, askari wako kwa kina Abasi. Wakitoka pale wanakuja kwenu."

Stambuli aliutupia macho mlango wa uani.

"Huko nako wamesimama," Mwajuma akasema.

Mwanaheri akavuta kijikasha chake cha kazi. "Keti hapa, mume wangu."

"Unataka kunifanya nini?"

"Keti tu!"

Akachanganya masizi na mafuta ya nazi, akampaka mashavuni. Kwa haraka yake ikatokea mistari miwili myeusi kama ya kinyago. Mtoto mdogo asingedanganyika. Akaifuta kwa kanga, akajilazimisha kumtazama kama mtu asiyemjua.

"Nyonya mashavu ndani."

Mashavu yalipobonyea, akaona mfupa ulipo na kivuli kinapoanzia. Akachota masizi kwa ncha ya kidole, akayasugua polepole mpaka ukingo wake ukapotea kwenye ngozi. Akafanya hivyo chini ya macho, na pembeni mwa kipaji. Juu ya mifupa akaweka liwa, ili itokeze. Midomo akaipaka unga wa mhogo, akaupangusa, ukabaki weupe mkavu.

Akarudi nyuma hatua moja, akamtazama. Mbele yake alikuwa ameketi mtu wa kuzikwa.

Mlango ukagongwa kwa kitako cha bunduki.

"Mwanamume wa hapa yuko wapi?"

"Ni mgonjwa, bwana."

"Leo mji mzima mgonjwa. Atoke juani!"

Jua la saa nne lilikuwa kali. Stambuli alitoka akishikilia ukuta. Askari mmoja, mtu mzima mwenye ndevu, akamsogelea. Hapo Mwanaheri akaona tone la jasho likitoka kipajini mwa mumewe, likiteremka kuelekea masizi. Likifika, litachora njia.

Akamrukia, akamkumbatia kichwa na kulifyonza jasho kwa kanga. Akalia. Hakuigiza, kilio hicho alikizuia tangu Mwajuma alipoingia.

"Anakohoa damu?" askari akauliza.

"Tangu juzi, bwana."

Askari akarudi nyuma upesi. "Huyu hafiki hata Kisaki," akamwambia mwenzake. "Twende."

Walipoishia mwisho wa njia, Mwanaheri alileta maji, akamwosha mumewe. Uso ukatakata. Akamwosha tena. Mara ya tatu Stambuli akamshika mikono.

"Yametoka, mke wangu. Yametoka yote."

"Bado nakuona vilevile," Mwanaheri akasema, akaendelea kusugua.

Kesho yake walipanda milima ya Uluguru kwa ndugu zao, maana Mwajuma alisikia kwamba askari wangepita tena. Wakalima huko mpaka vita vikaisha. Kwa miezi mingi, kila Stambuli alipolala mchana, Mwanaheri aliacha jembe na kwenda kuweka kiganja karibu na pua yake, asikie kama anapumua.