Tulikuwa Tunatafuta Mrefu Mmoja Tu

Mchezaji wetu mrefu kuliko wote aliingia chooni wakati wa mapumziko, na mpaka leo hajatoka.

Sitanii.

Tulikuwa tunaongoza. Nilikuwa nimeshamaliza kuwafokea wasichana wangu kama kawaida yangu, Mnara akanyoosha mkono. "Kocha, naenda msalani mara moja."

Nikamwambia nenda, ila usilale huko.

Robo ya tatu ikaanza, Mnara hayupo. Nikamtuma nahodha. Nahodha akarudi katoa macho, kashika viatu vya Mnara mkononi. Dirisha la choo lilikuwa wazi.

Kesho yake ndipo ukaja ujumbe wa sauti. "Kocha wangu, nisamehe. Nimepata timu nje ya nchi. Gari lilikuwa linanisubiri nyuma ya ukumbi. Ningekuaga ungenililia."

Nikulilie? Ningekufunga kamba, mwanangu!

Mechi ile tukapoteza. Na hapo ndipo balaa lilipoanza.

Mimi ni kocha wa timu ya wanawake ya mpira wa kikapu, ya kiwanda cha nyuzi. Wasichana wangu asubuhi wako kwenye mashine, jioni wako ukumbini. Kazi wamepewa kwa sababu wanacheza. Timu ikifa, na kazi imekufa.

Na timu ilikuwa inachungulia kaburi. Ilibaki mechi moja. Tukishinda tunabaki ligi kuu. Tukipoteza tunashuka, na mkurugenzi alishaniambia bila kumung'unya maneno: "Mama, mkishuka, ule ukumbi naweka marobota ya nyuzi."

Wenye timu kubwa hamuwezi kunielewa. Mimi ule ukumbi ndio nyumba yangu. Marehemu baba alinifundishia mle kurusha mpira, mimi na dada yangu, tangu mpira unatuzidi uzito.

Usajili ulikuwa unafungwa Ijumaa jioni, mechi Jumapili. Mchezaji mwenye mkataba na timu nyingine haruhusiwi. Nilibaki na wale walio huru tu, wasio na timu, ambao ukiwaangalia unajiuliza kwa nini hawana.

Msaidizi wangu ni mzee mmoja, refa mstaafu, tunamwita Filimbi. Tukakaa kwenye benchi, tukaanza kuchambua.

"Tunataka nini?" akaniuliza.

"Mrefu. Mmoja tu. Asimame chini ya kapu, mpira ukirudi audake. Kufunga watafunga wenzake."

"Wako watatu," akasema Filimbi. "Na wote watatu nakuonea huruma."

Wa kwanza aliitwa Mlingoti. Jamani, yule binti ni mrefu! Anainama kupita mlangoni. Nikampigia kocha wake wa zamani. Yule bwana alimsifia mpaka simu ikapata moto. Sijui ana nidhamu, sijui ana kipaji, sijui ni hazina ya taifa.

Nikakata simu nimenyong'onyea.

Sisi makocha tuna tabia yetu, ngoja niwaambie. Mchezaji ambaye kocha anataka kumwondoa, atamsifia kama anamwozesha. Na mchezaji anayemtaka mwenyewe, atamponda ili wewe umwache. Kwa hiyo ukipiga simu kuuliza habari za mchezaji, sikiliza halafu geuza. Filimbi ndiye aliyenifundisha hivyo, na haikuwahi kuniangusha.

Mlingoti tukamjaribu hata hivyo. Ukimrushia mpira unamgonga kifuani, yeye anapiga makofi. Asante mama, nenda salama.

Wa pili alikuwa Wakili. Huyu mpira anaujua, lakini mdomo! Kila filimbi ikilia anamfuata refa kumsomea sheria.

"Huyu hapana," Filimbi akasema hata kabla sijamaliza jina. "Nilimtoa nje mara nyingi mpaka tukazoeana. Jumapili tunahitaji mtu wa kumaliza mechi, si wa kumaliza refa."

Akabaki wa tatu, Mama Pacha.

Mama Pacha alikuwa moto enzi zake. Akajifungua mapacha, akaacha mpira, akawa anafua nguo za watu majumbani. Tukamwita Alhamisi asubuhi. Alikuja na viatu vya zamani, soli imeshonwa kwa mkono.

Nikamrushia mpira ubaoni. Akaruka, akaudaka juu kabisa, akashuka nao kaukumbatia kwa mikono yote miwili. Nikarusha tena. Akaudaka tena.

Nikamwangalia Filimbi. Filimbi anatabasamu peke yake.

"Afya?" nikamuuliza Mama Pacha.

"Mzima, kocha." Akavuta soksi juu. "Na ile kazi ya kiwandani, nikisajiliwa naipata kweli?"

"Unaipata."

Kabla sijasema neno jingine, simu yangu ikaita. Dada yangu.

Hapa lazima niwaeleze kidogo. Dada yangu naye ni kocha. Tulikuwa tunafundisha wote timu hii ya kiwanda, yeye mkuu, mimi msaidizi wake. Misimu miwili iliyopita timu tajiri ikamwita, akaenda. Akaniacha na wasichana wanalia na mipira imepasuka. Tangu siku hiyo tunasalimiana misibani tu.

Sasa yeye yuko anajiandaa na fainali, mimi nagombania kutoshuka. Mama yetu husema, "Nimezaa makocha wawili, nyumbani hakuna wa kumfundisha mwenzake adabu."

Nikapokea. "Shikamoo."

"Marahaba. Nimesikia uko na Mama Pacha. Usimchukue."

Hata hali yangu hakuniuliza!

"Kwa nini?"

"Nilikuwa naye mazoezini kwangu mwezi uliopita. Goti bovu. Mwanzo wa mechi utamwona simba, ikifika nusu ya pili hana goti. Halafu sikiliza, mdogo wangu..."

Nikacheka. Nilicheka kwa uchungu mpaka Mama Pacha akageuka kuniangalia.

"Unampondea nini, dada? Kumbe unamtaka wewe kwa fainali yako! Uliondoka na kila kitu hapa, hata huyu mfua nguo unanionea wivu?"

"Nisikilize kwanza..."

"Nimekusikiliza tangu nazaliwa!"

Nikamkatia.

Akapiga tena. Nikakata. Akapiga tena. Nikazima simu.

Muda si muda simu ya Filimbi ikaita. Akaiangalia, akaniangalia mimi. "Ni dada yako. Nipokee?"

"Ukipokea, kesho uende ukafanye kazi kwake."

Filimbi akairudisha simu mfukoni taratibu. "Mimi simo. Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Mimi nakwenda kupanga mipira."

Nikamwambia Mama Pacha aje kesho twende tukamsajili. Moyoni nafurahi. Dada akimponda, basi ni dhahabu. Geuza tu.

Ijumaa mchana nikafika ukumbini, nikamkuta binti mmoja kakaa ngazini, begi mapajani, magoti yamefika kidevuni kwa urefu. Nikamtambua. Ni mchezaji wa akiba wa dada. Wanamwita Kimya, kwa sababu hata akichezewa faulo haongei. Msimu mzima nimemwona kakaa benchi na taulo shingoni.

Akasimama haraka. "Shikamoo kocha. Nimetumwa na..."

"Najua nani kakutuma!"

Jamani, nilifoka. Wapita njia walisimama. "Kaniambia kwa simu haikutosha, sasa analeta watu wa kunichungulia mazoezi? Rudi kamwambie aliyekutuma, ukumbi huu hauna cha kuchungulia!"

Yule binti akafungua mdomo, akaufunga. Akachukua begi lake, akaondoka ameinama.

Saa kumi na moja kasoro nilikuwa ofisi za ligi na Mama Pacha. Wakamsajili. Tukatoka pale kashika mkono wangu, analia, anasema Mungu akuweke. Usajili ukafungwa nyuma yetu.

Jumapili ukumbi ulijaa. Wafanyakazi wa kiwanda wote, waume zao, mama zao. Mkurugenzi kakaa mbele, kakunja nne. Na kule juu, jukwaa la mwisho, nikamwona dada. Pembeni yake Kimya, na begi lile lile. Nikasema moyoni, kaeni hapo hapo mshuhudie.

Na walishuhudia! Nusu ya kwanza Mama Pacha alikuwa simba. Mpira wowote ukigonga ubao, wake. Wafua nguo wenzake walikuwa wamekuja, wanapiga sufuria. Tukaenda mapumziko tunaongoza kwa raha zetu. Nikainua macho juu, nikamtazama dada, nikamnyanyulia kidole gumba kwa dharau.

Dada hakucheka. Alikuwa kashika tama.

Robo ya tatu haijafika mbali, Mama Pacha akaruka, akadaka, akashuka kwa mguu wa kulia.

Sikutaka kuangalia. Alivyoanguka hakupiga hata kelele, alikaa tu chini kashika goti na mpira bado kaukumbatia. Nikakimbilia uwanjani. Nikamvua soksi. Chini yake kulikuwa na bandeji, na chini ya bandeji nyingine.

"Nisamehe, kocha," akanong'ona. "Niliona likipata joto linakubali. Nilitaka ile kazi. Wanangu..."

Ningemlaumu nini? Kila mtu mle ndani alikuwa anatafuta pa kushika.

Tukabaki hatuna mrefu. Wasichana wangu wafupi waliruka mpaka wakaisha. Nahodha alitoka damu puani, akakataa kutoka uwanjani. Kila mpira uliorudi, wenzetu waliudaka juu ya vichwa vyetu, wakaturudishia kapuni. Nilipiga mayowe mpaka sauti ikakatika. Nilibaki naonyesha kwa mikono tu.

Tukafungwa kwa kapu moja. Moja!

Filimbi alikaa sakafuni. Wasichana wamekumbatiana kama kuna msiba. Mkurugenzi akainuka, akafunga kifungo cha koti, akatoka bila kuniangalia.

Nilikuwa nimesimama katikati ya uwanja sijielewi, nikasikia mtu kanishika bega. Dada. Macho mekundu. Nyuma yake kasimama Kimya na begi lake.

"Mbona hukumchukua?" dada akaniuliza.

"Nani?"

"Huyu!" Akamvuta yule binti mbele. "Huyu hapa! Nilimvunjia mkataba Jumatano ili awe huru. Mimi fainali warefu ninao wawili, huyu kwangu anakaa benchi. Nilikupigia simu nikuambie achana na Mama Pacha, mchukue Kimya. Ukanikatia. Nikampigia Filimbi, hakupokea. Ijumaa nikasema basi, aende mwenyewe kwa miguu yake!"



Nikamwangalia Kimya. "Kwa nini hukusema?"

Akainamisha kichwa. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia anamaliza sentensi. "Nilitaka kusema, kocha. Ukaniambia nikamwambie aliyenituma kwamba ukumbi huu hauna cha kuchungulia. Nikamwambia."

"Alivyoniambia hivyo, na mimi nikapandwa na hasira," dada akasema. "Nikasema shauri yake. Usajili ulipofungwa ndipo nikalia. Leo nimekuja naye hivi hivi, sijui kwa nini. Begi amelibeba mwenyewe, ndani kuna viatu. Hakuna wa kumvalia."

Ningekuwa na sauti ningepiga yowe. Sikuwa nayo. Nilikaa chini palepale, chini ya kapu. Dada akakaa pembeni yangu, na suruali yake safi ya ukocha. Tukalia pale tulipofundishwa na baba kurusha mpira, mpaka mlinzi akaja kuzima taa.

Mkurugenzi alitimiza neno lake. Sasa hivi ninavyoandika, ule ukumbi umejaa marobota mpaka dirishani. Wasichana wanne tu ndio waliobakishwa kwenye mashine. Mama Pacha alifanyiwa upasuaji, dada ndiye aliyehangaika naye. Kimya kapata timu nyingine, anaanza mechi zote, na nasikia siku hizi anapiga kelele uwanjani. Heri yake.

Ile kanuni ya "sikiliza halafu geuza" bado naiamini. Kwa makocha. Lakini yule aliyenipigia hakuwa kocha mwenzangu. Alikuwa mtoto wa mama yangu, na mimi sikujua tofauti.

Wewe unayesoma, kama kuna ndugu mmenuniana, nuna tu, sikukatazi. Ila akikupigia, mwache amalize. Ukishamsikia mpaka mwisho, hapo kasirika unavyotaka. Lile neno lililokuwa linanifaa lilikuja baada ya "sikiliza, mdogo wangu", na mimi sikulisubiri.

Siku hizi dada hunipigia karibu kila jioni. Ananieleza ya mazoezi, ya mama, ya bei ya nyanya, mpaka mume wangu ananikonyeza nile kwanza. Sikati. Hata akimaliza, tukaagana, naendelea kuishikilia simu sikioni, nasubiri akate yeye.